Daftari la Zamu

Shika, Murhula. Limenyeshewa mara tatu,
kurasa za Novemba zimegandana, usizivute kwa nguvu.
Magoti yangu yamezikataa ngazi za Cimpunda.
Kuanzia leo kalamu ni yako, na usingizi mbovu ni wako.

Tulianza nyumba nne na firimbi moja
ya marehemu Byadunia, aliyekuwa mwamuzi wa mpira.
Moto wa SNEL ulikatika tangu Pasaka.
Huku kwetu paa la mmoja ni baraza ya mwingine;
wezi walishuka paa kwa paa
kama maji yanayojua njia yao.

Tukapatana: atakayesikia kitu apige sufuria.
Wa chini yake apokee. Wa chini ya huyo apokee,
mlio uteremke hadi bondeni, upande ng'ambo,
mpaka Nyamugo waamke wakitutukana.
Nao Nyamugo wakaanza zamu yao.
Panzi wakatuma vijana wawili kuja kutazama;
walitaka sheria, tukawapa karatasi moja:
majina, siku, na nani kalala na betri za tochi.

Mwizi hachoshi. Linalochosha
ni wiki sita za usiku mtupu.
Hapo Lwaboshi atakohoa kila Jumanne,
mwalimu atakuwa na mitihani ya kusahihisha,
na franka mia tano za betri
zitageuka sambaza kwenye sahani ya mtu.
Usiwagombeze. Peleka chai ya tangawizi, kaa,
ulizia watoto, ondoka bila kutaja zamu.
Na ukiandika "hakuja", andika kwa penseli.

Utakuta tarehe kumi na tisa imejaa ukurasa mzima.
Mlio ulianzia kwa Nabintu, saa nane usiku.
Kilima chote kikalia: mabeseni, bidoni, mabati,
mtoto mmoja na kijiko na kikombe.
Na katikati yetu, mwizi.
Alishatoka na sufuria ya Mama Nsimire;
alipoona hana pa kupita akaigeuza, akapiga,
akapiga kwa bidii kutushinda sote,
akiita "Mwizi! Mwizi huyo, ameshuka!"
Tulikuwa tunampita, Murhula.
Mimi mwenyewe nilimwambia: asante, kijana.

Mama Nsimire akainua mkono.
"Nyamazeni. Ile ni yangu."
Ina ufa kitakoni, inalia kama mtu mwenye mafua;
miaka kumi na minne anasonga bugali humo,
angeisikia hata kaburini.

Neno "tairi" lilitajwa upesi.
Aliyelitaja hukaa benchi la mbele kanisani,
jina lake sikuliandika, nawe usiniulize.
Mama Nsimire akaketi matopeni na kitenge chake,
akamshika kijana kifundo cha mguu:
"Mwenye kiberiti aanze na mimi.
Na kesho zamu yangu ya Jumatano mtaigawana."
Mtu akacheka. Akacheka na mwingine.
Mpaka leo sijui kicheko kile kilitoka wapi,
ila mikono ilishuka.
Tukamlinda mpaka kulipokucha,
kumlinda yeye dhidi yetu,
kisha tukamfikisha kwa shefu wa avenyu
akiwa na meno yake yote.

Sheria ya sita niliiandika asubuhi ile.
Mwandiko ni mbaya, mkono ulikuwa unatetemeka:
HAKUNA TAIRI.
Wakija tena watu wa Panzi, au wa Bagira,
wasomee hiyo kwanza, betri baadaye.

Basi. Firimbi iko kwenye kopo la maziwa,
ioshe kabla hujaitia mdomoni.
Kuna deni la Lwaboshi, elfu mbili, msamehe moja.
Na mstari wa mwisho wa ukurasa ule ungali wazi:
*sufuria imerudi, kifuniko bado.*
Kikionekana, andika tarehe.